SOMO: Nehemia alizunguka ukuta kwanza (Vijana, wafadhili na miradi ya parokia)



Mpendwa kijana, kabla hujaendelea chukua Biblia yako ufungue Kitabu cha Nehemia, sura ya 2 hadi ya 6. Soma kwanza, tutaongea baadaye. Najua kuna watakaoruka hapa na kushuka moja kwa moja, basi ninyi angalau someni sura ya 2 kuanzia aya ya 11, na sura ya 5 yote.

Somo hili limetokana na ombi la katibu wa vijana wa parokia yetu, huku Kagera. Mwezi wa nane tunapokea wageni kutoka parokia rafiki ya Ulaya, na kama kawaida yao wametuandikia mapema wakiuliza: mnahitaji nini? Katibu akanijia na daftari. "Kaka, wewe ulikuwa katibu kabla yetu, unajua kuandika andiko la mradi. Tuandikie, sisi tutasaini." Nikamwambia ngoja kwanza. Kuandika andiko najua, tena najua sana, na hapo ndipo penye shida.

Miaka ile nikiwa katibu tulipata swali hilo hilo. Tulikaa watu watatu kwenye duka la stationery, mimi, mweka hazina na jamaa mmoja wa mjini aliyekuwa anasifiwa kwa kuandika maandiko yanayopita. Hatukuitisha kikao. Jamaa akasema wafadhili siku hizi wanapenda wasichana na ufundi, andikeni vyerehani. Tukaandika vyerehani 12. Tukaeleza kwamba wasichana wa parokia "wana kiu kubwa ya ufundi cherehani", na kiu hiyo hatukuwa tumemuuliza msichana hata mmoja. Andiko lilipita. Vyerehani vikaja, Baba Paroko akavibariki, tukala wali.

Mwaka haukuisha, tisa vilikuwa stoo vimefunikwa turubai. Barabara ya kwetu ilikuwa na mafundi cherehani watano tayari na kazi haiwatoshi. Wasichana wengi wa kundi letu walikuwa wanauza ndizi, wengine wanapika mama lishe pale stendi. Nani angeacha mkungu wake uoze aje akae kwenye cherehani asubiri mteja? Halafu ikaja barua ya kuomba picha. Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika, lakini somo bila ukweli halina maana: tulivitoa vyerehani stoo, tukavifuta vumbi, tukawaita wasichana wa kwaya wakakaa nyuma yake kwa nusu saa, tukapiga picha. Picha ile ilibandikwa kwenye ubao wa kanisa lao huko Ulaya.

Walipokuja wageni, alikuwemo bibi mmoja ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa nguo. Akamwomba msichana mmoja wa kwenye picha atie uzi kwenye cherehani. Binti alishika uzi, akaangalia mashine, akaniangalia mimi. Bibi akaelewa. Hakusema neno, alikaa akatia uzi mwenyewe, kisha akamuuliza kupitia kwa mkalimani: wewe ulikuwa unataka nini? Binti akasema alikuwa anataka namna ya kununua mikungu mitatu kwa wiki bila kukopa kwa yule mzee wa sokoni anayemla nusu ya faida. Ni hayo tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, wala sisi tuliokuwa tunasali naye jumuiya moja.

Sasa turudi kwa Nehemia.

Nehemia alikuwa Myahudi aliyekaa mbali, mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani. Kwa lugha ya leo ni ndugu yetu wa ughaibuni mwenye kazi nzuri na watu wakubwa kwenye simu yake. Akapata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketea. Akalia, akafunga, akasali. Halafu akaomba ruhusa, na zaidi ya ruhusa akaomba barua za kumpitisha kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya kujengea. Angalia vizuri: msaada wa nje upo, na mkubwa. Biblia haioni aibu kwa hilo. Kwa hiyo wale wanaosema Mkristo wa kweli asipokee msaada wa mgeni, sijui wanamsoma Nehemia yupi.

Lakini alipofika hakutangaza mradi. Alikaa siku tatu. Halafu akaondoka usiku na watu wachache, mnyama mmoja tu, ule aliompanda, akazunguka ukuta lango kwa lango. Mahali pengine kifusi kilikuwa kingi mpaka mnyama akakosa pa kupita. Viongozi hawakujua alikokwenda. Ni baada ya kuona kwa macho yake ndipo alipowaita watu, akawaonyesha kile ambacho wao wenyewe walikuwa wanakijua na kukionea uchungu, akawaambia wajenge pamoja. Nao wakakubali. Wao ndio walioamua, na sura ya 3 inaonyesha hivyo.

Ile sura ya 3 wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Jamani, msiiruke. Hiyo ndiyo daftari ya mahudhurio ya mradi! Kuhani mkuu na makuhani wenzake wanajenga Lango la Kondoo. Mfua dhahabu yuko pale, na mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haijazoea mawe. Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Wakubwa wa Tekoa wamegoma kuinamisha shingo zao, na jambo hilo limeandikwa bila kufichwa, ingawa Watekoa wa kawaida walimaliza kipande chao wakaongeza na cha pili. Na mara kadhaa utakutana na maneno ya kwamba fulani alijenga mbele ya nyumba yake. Hapo kuna akili. Mtu akijenga ukuta unaolinda mlango wake mwenyewe, hutahitaji msimamizi wa kumhimiza achanganye udongo vizuri.

Kazi ilimalizika kwa siku 52. Mfalme alitoa miti na barua, kazi ikafanywa na wenye malango.

Mama Kanisa ana jina la jambo hili: kanuni auni. Mmelisikia kwenye semina mkasinzia. Papa Pio wa XI aliifafanua mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno, na kwa maneno yangu ni hivi: kile ambacho mtu, familia au jumuiya ndogo inaweza kukifanya yenyewe, mkubwa asiinyang'anye, kazi ya mkubwa ni kuisaidia ifanye. Mwaka 1967 Mtakatifu Paulo VI akaandika Populorum Progressio juu ya maendeleo ya watu, akifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu, na kwamba mataifa yanapaswa kuwa watendaji wa maendeleo yao wenyewe. Papa Benedikto wa XVI katika Caritas in Veritate, 2009, akaziunganisha kanuni mbili: mshikamano bila kanuni auni humgeuza mhitaji kuwa tegemezi, na kanuni auni bila mshikamano huishia kila mtu na lake. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere, ambaye leo ni Mtumishi wa Mungu, alikuwa anasisitiza kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza. Unaweza kubishana na mengi ya siasa yake, na mimi nabishana nayo, lakini hilo alilishika barabara.

Mtu atasema hayo ni mafundisho tu, mradi ukiwa na hela nyingi utafanikiwa. Chukua mfano wa PlayPump. Hii ilikuwa pampu ya maji iliyofungwa kwenye pembea ya kuzunguka. Watoto wanacheza, pembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi, na kwenye kuta za tangi yanabandikwa matangazo ya biashara ili fedha zake zilipie matengenezo. Wazo tamu, au siyo? Lilianzia Afrika Kusini, likapewa tuzo na Benki ya Dunia mwaka 2000. Mwaka 2006 mke wa Rais wa Marekani, Laura Bush, alitangaza fedha za kulisambaza, na lengo lilikuwa pampu 4,000 ifikapo 2010. Zikafungwa Msumbiji, Malawi, Zambia na kwingine.

Watoto wanachoka, na saa za masomo hawapo. Basi kule Msumbiji wakaonekana akina mama watu wazima, wengine wazee, wakizungusha pembea ya watoto ili wapate ndoo ya maji. Sehemu nyingine pampu ya mkono waliyoizoea ilikuwa imeng'olewa ili hii mpya ikae. Ikiharibika, fundi wa kijiji hawezi kuigusa. Unasubiri mtu wa mbali, miezi inapita. Matangazo vijijini hayakuja, maana nani anatangaza bidhaa mahali ambapo wateja hawana hela? Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009: kwa idadi ya watu waliolengwa kwa kila pampu, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Siku ya Mungu ina saa 24. Na pampu moja iligharimu takriban dola 14,000, mara kadhaa ya ile ya mkono. Mwaka 2010 shirika lililokuwa linazisambaza lilikuwa limekwisha kuachia kazi hiyo.

Siwacheki wale watu. Walikuwa na nia njema, na walihuzunika. Ila mama wa pale Msumbiji angeulizwa siku moja tu, kabla, "wewe unachota saa ngapi, na nani atazungusha hii alfajiri?", angejibu papo hapo. Hesabu ile haikuhitaji gazeti.

Sasa tazama upande mwingine, maana siyo kwamba kila kinachotoka nje kinakufa. Mwaka 1991, Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilianza kazi na wanawake wa vijijini. Wanawake wa Kihausa walikuwa na michezo yao ya kupeana fedha, sawa na upatu wetu. Upatu una ubaya mmoja: zamu yako ikija mwezi wa tano na mtoto akaugua mwezi wa pili, utajua mwenyewe. Wale wafanyakazi hawakuleta mtaji. Walichukua kile wanawake walichokuwa nacho, wakakirekebisha: badala ya kumpa mmoja mmoja kwa zamu, fedha zinakaa pamoja, mwenye shida anakopa na kurudisha na nyongeza kidogo, mwisho wa mzunguko kila mtu anagawiwa kwa kadiri alivyoweka. Wengi hawakujua kusoma, basi hesabu zikawekwa kichwani, kundi zima linakumbuka kwa pamoja. Wakaita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa.

Unaona sura yake? Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hisa zinawekwa mbele ya wote. Mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Faini ya kuchelewa. Ndiyo! Ni kikoba cha mama yako. Utaratibu ule ulifika Zanzibar, kwa wanavijiji wa kuzunguka Msitu wa Jozani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukarekebishwa huku bara ukaitwa VICOBA. Kule Jozani mradi ulipokwisha na wafadhili wakaondoka, vikundi havikufa, viliendelea kuongezeka, kwa sababu waliobaki walijua kufundisha wenzao. Leo mama anayekwenda kikao cha kikoba Jumamosi hajui kama kuna kitu kilitoka Niger, na hana haja ya kujua. Ni chake.

Lakini tusidanganyane kwamba fedha zikiwa za kwetu basi dhambi imekwisha. Ndiyo maana nilisema msome sura ya 5. Katikati ya ujenzi, ukuta haujaisha, kelele zikazuka. Watu pamoja na wake zao wanawalalamikia ndugu zao wenyewe: tumeweka rehani mashamba na mizabibu tupate nafaka, tumekopa tulipe kodi ya mfalme, watoto wetu wanakuwa watumwa. Waliowakopesha hawakuwa wageni, walikuwa Wayahudi wenzao, wenye nacho. Hii ni mikopo kausha damu ya Yerusalemu! Nehemia alikasirika, akafikiri moyoni, ndipo akawaita wakubwa hadharani. Na kitu kinachonigusa, hakujiweka pembeni: alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wanakopesha. Akataka mashamba yarudishwe siku ile ile. Yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, anayesema "wenyeji waulizwe" aseme pia ni wenyeji gani. Mwenyekiti ni mwenyeji. Mzee wa sokoni anayekopesha kwa nusu kwa nusu ni mwenyeji, tena ni mkarimu sana kanisani. Mimi nilikuwa mwenyeji nilipoandika vyerehani. Mgeni alituuliza, sisi ndio hatukuuliza. Lawama yote tukiwatupia wafadhili, tunasahau kwamba karibu na kila mradi uliooza stoo kuna mtu wa kwetu aliyesaini.

Mwangalie Bwana wetu. Bartimayo ni kipofu, kila mtu anaona anachohitaji, hata hivyo Yesu anasimama na kumuuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51). Umati wa watu una njaa, Yeye anaweza kushusha mikate, lakini anawatuma mitume kwanza wakahesabu mikate iliyopo (Mk 6:38). Na Mtume Paulo akichangisha kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, anawasifu Wamakedonia waliotoa wakiwa maskini, kisha anaeleza kwamba lengo ni usawa, ziada ya huyu leo ifae upungufu wa yule, na kesho kinyume chake (2Kor 8). Kinyume chake! Je, tumewahi kuwauliza wageni wetu wao wanahitaji nini? Yule bibi fundi aliniambia siku ya kuondoka kwamba misa ya Jumapili kwao wanakuwa watu thelathini, wengi wa umri wake. Sikujua nimjibu nini. Nilikuwa nimezoea kuwaona kama akaunti ya benki yenye miguu.

Mliouliza yaliishaje: tuliandika barua ya kukiri, Baba Paroko akatulazimisha tuisaini majina yetu yote matatu. Mwaka mzima hawakutujibu. Nadhani waliumia, na walikuwa na haki. Walipojibu, waliuliza tu kuhusu yule binti na ndizi zake. Kufikia hapo wasichana walikuwa wameshaanza kikoba chao bila sisi, hisa shilingi 1,000, sanduku limetengenezwa na seremala wa kigangoni kwa mkopo. Vyerehani vitatu walikodishwa mafundi wa barabarani. Vingine tisa bado viko stoo, nendeni mkavione.

Sasa kuhusu barua ya mwaka huu. Sitaiandika, na katibu ameshakubali. Jumapili baada ya misa ya pili tunakutana chini ya mwembe, wote, siyo viongozi peke yao, na wale wa mama lishe tutawasubiri mpaka wafunge. Kila mmoja aje amefikiria haya: kifusi cha mbele ya nyumba yako mwenyewe ni kipi? Nani katika jumuiya yako hajawahi kuulizwa? Tuna mikate mingapi tayari, na nini hasa ndicho kile cha msituni kwa Asafu, ambacho kweli hatuwezi kukipata bila mgeni? Ikitokea kwamba hakipo, tutawaandikia hivyo hivyo, waje watutembelee tu.

Halafu jioni tutazunguka. Tutaanzia stendi, tupite sokoni, tushuke mpaka kisimani, turudi kwa njia ya stoo ya parokia. Ufunguo wa stoo nimeshauomba kwa Baba Paroko. Vaeni viatu vya kutembelea, na mwenye tochi aje nayo.